Kambo wangu alikufa mara tatu: fimbo na tabia njema kwenye primaire

(Maneno ya mmoja wetu mbele ya vijana, wazazi na walimu wa Pweto. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wenzetu wa Lubumbashi na kwingine ambao hawakuweza kufika.)



Ninaona wazazi hapa mbele, ninaona walimu, na kule nyuma vijana wenzangu. Najua wengi walifikiri leo tutaongea juu ya barabara, umeme ao kura. Hayo tutayaongea siku ingine. Leo tunaongea juu ya watoto wa primaire, tabia yao, na namna sisi wakubwa tunavyowafundisha hiyo tabia.

Nianze na habari yangu mwenyewe.

Nikiwa mwaka wa tatu primaire, mama alikuwa anauza samaki. Kila asubuhi, giza bado, tulikuwa tunashuka kando ya ziwa Moero kungojea mitumbwi. Mitumbwi ikichelewa, na mimi nachelewa. Mara nyingi nilifika ku masomo wenzangu wamekwisha kupandisha bendera. Mwalimu hakuuliza kitu. Alisema tu: «Leta mikono.» Fimbo kumi. Siku moja ilikuwa siku ya dictée. Vidole vilivimba, kalamu ikawa inaanguka, nikapata sifuri. Nyumbani nilinyamaza, juu nilijua baba atauliza nilifanya nini, kisha na yeye ataongeza zake.

Kisha nikapata akili. Siku ingine nilipochelewa, nikafika mlangoni ninalia: «Mwalimu, kambo amekufa.» Mwalimu akanihurumia, nikaingia. Dawa ilikuwa nzuri, nikairudilia. Mwaka ule kambo wangu, mama ya mama, nilimuzika mara tatu. Shida ilikuwa moja tu: kambo alikuwa mzima na alikuwa anauza mihogo ku soko. Siku moja mwalimu akaenda kununua. Kambo akamusalimia vizuri: «Mwalimu, mujukuu wangu anasoma muzuri?» Akataja jina langu.

Munacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Lakini muniambie, fimbo zile zote zilinifundisha kitu gani? Kuamka mapema? Nilikuwa naamka mbele ya mwalimu mwenyewe. Zilinifundisha kusema uongo, na kuusema vizuri, na machozi juu yake. Mtu mzima hakuniuliza hata mara moja: «Toto, juu ya nini unachelewa?»

Mwaka wa nne nilipata mwalimu mwingine. Yeye aliuliza. Nikamwambia ukweli, na bado nilikuwa natetemeka. Jioni akafika kwetu, akakaa na mama. Wakapatana: siku za mtihani kaka yangu njo atabeba samaki. Kisha akanipa kazi ya kugonga kengele, ile janta ya gari iliyofungwa ku muti. Mwenye kugonga kengele hawezi kufika nyuma ya kengele. Sitawadanganya: nilichelewa tena mara kadhaa. Lakini sikusema uongo tena, na kambo akaacha kufa.

Njo jambo lote ninalotaka kusema leo. Woga na heshima si kitu kimoja. Munataka kuona tofauti? Mwende kwenye kalasi yenye fimbo. Mwalimu akiwa ndani, kimya, hata nzi unamusikia. Mwalimu akitoka dakika tano kwenda kwa directeur, kalasi inageuka soko: huyu anapiga mwenzake, huyu anaiba kalamu, yule anaparamia dirisha. Watoto wale hawakosi akili. Walifundishwa kwamba sheria inakaa kwenye fimbo, na fimbo imetoka. Sasa tujiangalie sisi wakubwa. Njiani tunafuata sheria polisi akiwepo. Akienda kunywa maji, kila mutu na njia yake. Tulijifunzia wapi?

Najua kuna mzazi hapa anasema moyoni: «Siye tulichapwa, na tukakuwa batu.» Ndiyo, mama. Lakini tulikuwa watu juu ya wale waliotupenda, waliotulisha, waliotuonyesha kazi. Fimbo ilikuwepo tu, na sisi tukaipa sifa ya kazi ya wengine. Na wale walioacha masomo mwaka wa pili juu ya kuogopa kupigwa hawako hapa leo kutueleza yao.

Wengine wanasema fimbo ni desturi yetu. Tusikilize lugha yetu wenyewe. Kiboko ni nyama wa mtoni, lakini kiboko ni fimbo pia. Wakati wa Léopold II, na nyuma yake wakati wa Wabeleji, fimbo ya kuchapa watu wetu ilikatwa kwenye ngozi ya yule nyama. Wao waliiita chicotte. Alichapwa mwanakijiji aliyekosa kuleta mpira wa kutosha, alichapwa mfanyakazi, alichapwa askari. Watu wazima, wenye watoto. Tarehe 30 Juni 1960 tukapata uhuru. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, fimbo ikabaki ndani ya kalasi, na sasa tunaishika sisi wenyewe na kuiita desturi ya wazee.

Kuna methali tunaipenda: samaki mkunje angali mbichi. Kila mara mutu anaitumia kutetea fimbo. Lakini sisi ni watu wa ziwa, tunajua samaki. Nani hapa alishakunja samaki kwa kumupiga? Unamukunja kwa mkono, polepole, ukitumia nguvu anapasuka.

Na sheria je? Kongo ilikubali Mkataba wa haki za mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 28 kinaomba nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema vilevile: nyumbani na shuleni, nidhamu ifanywe kwa namna ya kumutendea mtoto kama mtu. Hapa ngambo ya ziwa, Zambia, sheria yao ya elimu ya 2011 inakataza kabisa kuchapa wanafunzi. Kwa hiyo jambo hili halikuletwa na wazungu wa ONG mwezi uliopita. Limeandikwa ndani ya sheria zetu. Linangojea watu.

Sasa niongee na walimu, na ninataka kuongea kwa haki.

Mwalimu wa Pweto hatuwezi kumuhukumu kama vile anafundisha watoto ishirini kwenye kalasi yenye feni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema primaire ya serikali ni ya lazima na ya bure. Gratuité yenyewe ilianza kutumika kweli Septemba 2019. Ni jambo kubwa, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni. Lakini kalasi hazikuongezeka kwa kipimo kile, madawati hayakuongezeka, na walimu wengi bado ni NU, maana yake wanafundisha na jina lao halijafika kwenye listi ya malipo. Mwaka wa masomo wa 2024 ulianza na migomo sehemu nyingi za inchi juu ya mshahara. Mutu ambaye hakula asubuhi, mbele ya watoto themanini, mkono wake unaenda haraka kwenye fimbo. Tunaelewa. Njo maana hatuwezi kudai fimbo iondoke bila kudai mwalimu alipwe. Madai haya mawili yanatembea pamoja. Na serikali isitumie njaa ya mwalimu kama sababu ya kuacha watoto wapigwe.

Lakini kuna mambo hayangojei Kinshasa. Nitataja machache, na walimu mutanirekebisha.

La kwanza, kuuliza mbele ya kuadhibu. Swali moja tu: «Kumetokea nini?» Hapa kwetu mtoto anachelewa juu ya kuchota maji, juu ya kubeba mdogo wake mgongoni, juu ya samaki, juu ya mto uliojaa wakati wa mvua. Wengine wanachelewa juu ya kucheza, ni kweli. Huyu na yule hawawezi kupata jibu moja.

La pili, sheria za kalasi watoto wazitunge wenyewe, pamoja na mwalimu. Tano zinatosha, ziandikwe kwa Kiswahili, ziwekwe ukutani. Mtoto wa mwaka wa kwanza hawezi kufuata sheria ya Kifaransa ambayo haielewi. Ukimuuliza yeye mwenyewe: «Tufanye nini ili tusikilizane?», atakujibu vizuri kuliko sisi. Na sheria aliyoitunga yeye, ataikumbusha hata mwenzake, mwalimu akiwa nje.

La tatu, mwenye kuharibu atengeneze. Aliyetupa uchafu, aokote. Aliyepasua daftari ya mwenzake, amuandikie upya somo lile. Aliyetukana, aombe radhi kwa sauti ileile aliyotukania. Bila fimbo si bila sheria. Kwa kweli njia hii ni ngumu kuliko fimbo: fimbo kumi zinaisha dakika moja, na mwenzako daftari yake bado imepasuka.

La ine, chef de classe. Siku nyingi anachaguliwa mtoto mkubwa mwenye nguvu, kazi yake kuandika majina ya wanaopiga kelele. Tunafundisha nini pale? Kwamba kuongoza ni kushitaki watu. Watoto wapige kura, zamu ibadilike kila mwezi, wasichana nao washike zamu yao, na kazi iwe kazi ya kweli: kugawa vitabu, kuangalia maji, kupokea mtoto mgeni. Demokrasia tunayoidai huku mjini inaweza kuanza pale, na kipande cha chaki.

La tano ni letu, wazazi. Tunafika shule lini? Tukiitwa juu ya kosa. Kisha tunasema: «Mwalimu, umuchape tu, nyama ni yako, mifupa ni yangu.» Ndugu wazazi, tuache neno hilo. Na comité ya wazazi isikutane juu ya makuta tu. Iulize namna watoto wanavyotendewa, kama choo kina mlango, kama msichana ana mahali pa kujisitiri. Mwalimu naye, siku moja kwa mwezi, atume habari njema nyumbani: «Mutoto wenu alisaidia mwenzake.» Mtoto aliyesifiwa mbele ya mama yake anafanya kazi ya kulinda sifa ile.

Na watoto wanatuangalia. Wakiona kuku anaingia kwa mwalimu na pointi zinapanda kwenye bulletin, wamekwisha kusoma somo la siku hiyo. Hata tukiwafundisha éducation civique asubuhi mpaka jioni, wataamini yule kuku.

Niseme juu ya nini jambo hili ni zito hapa kuliko mahali pengine.

Desemba 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa RCD na jeshi la Rwanda. Wazazi wetu walivuka kwenda Zambia, wengi wakaishia kambi za Mwange na Kala, na wengine walirudi kati ya 2007 na 2010. Kisha Bakata Katanga wakachoma vijiji, ile miaka watu walituita pembetatu ya kifo: Manono, Mitwaba, Pweto. Mwaka 2017 watu wakavuka tena, kuelekea Nchelenge. Ndani ya vikundi vile kulikuwa watoto. Watoto wa umri wa kuwa kalasini.

Sisemi fimbo ya mwalimu njo ilileta vita. Vita vina wenyewe, na wana majina yao na mali yao. Ninasema hivi: mtoto anayejifunza miaka sita ya primaire kwamba mwenye fimbo njo mwenye haki, siku atakapokutana na mwenye bunduki atafanya nini? Atamwogopa ao atamfuata. Kumuuliza swali hawezi, hakuna aliyemfundisha kuuliza. Na sisi vijana tunaosema tunabadilisha inchi bila kumwaga damu, tukirudi nyumbani tunamuchapa mdogo wetu juu ya sahani iliyovunjika, tunamudanganya nani?

Kwa hiyo tunaomba haya. Vijana, kila mmoja achague shule moja ya primaire karibu naye. Usiende kupiga picha za mwalimu na kumuweka aibu ku Facebook, apana. Uende kwa directeur na heshima, umuulize shule inahitaji nini. Jumamosi tufanye salongo, tusafishe vyoo, tutengeneze madawati. Tukiingia na nyundo watatusikiliza tukiongea juu ya fimbo. Sisi wa hapa Pweto tutaandikia ofisi ya elimu ya territoire barua juu ya mambo mawili, walimu NU na kuchapa watoto. Atakayetaka kutia sahihi, karatasi iko pale mlangoni.

Na nyumbani, wiki hii, mtoto akikosa, tujaribu lile swali mbele ya mkono kupanda: «Kumetokea nini?» Kisha tusikilize mpaka mwisho, hata kama jibu ni refu. Labda kuna kambo mmoja ambaye tutamuokoa na kifo.

Jumatatu, saa moja na nusu, mbele ya mlango wa kalasi.