Maana ya "Kwa Niaba" na Mipaka Yake



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya maneno mawili tuyaandikayo kila siku sisi tushikao kalamu, yaani "kwa niaba".

Kanuni ya kale ya sheria yasema: aliyekabidhiwa mamlaka hawezi kumkabidhi mwingine, ila sheria imruhusu. Sababu yake ni wazi. Sheria ilimchagua yeye aamue. Akiipitisha kazi hiyo mkono hata mkono, mwishowe ni nani atakayejibu?

Lakini kazi za Serikali ni nyingi. Katika Uingereza, mwaka 1943, kampuni ya Carltona ilidai kwamba amri ya kutwaa kiwanda chake ilitiwa sahihi na ofisa, wala si na waziri. Lord Greene na wenzake wakakata kwamba kitendo cha ofisa wa wizara ni kitendo cha waziri mwenyewe, naye waziri ndiye ajibuye mbele ya Bunge.

Msidhani basi kwamba mlango u wazi kwa kila mtu. Mwaka 1948 ilisikizwa kesi ya kamati ya kilimo iliyokuwa na mamlaka ya kuwaamuru wakulima. Kamati ilikata kwamba eka 8 zipandwe viazi vya sukari, ikamwachia ofisa wake kuchagua shamba. Mahakama ikaitangua amri ile. Ofisa angaliweza kuchungua na kuleta shauri. Kuamua kulikuwa kwa kamati. Na mwaka 1953 makuli wa bandari ya London waliosimamishwa kazi na meneja walishinda, maana kuadhibu kulikuwa kazi ya halmashauri.

Mimi mwenyewe nilipata kuteleza. Mkubwa wangu alikuwa safarini. Akaja mtu kutaka ruhusa ya kukata miti, nami kwa huruma nikaitia sahihi "kwa niaba". Mkubwa aliporudi akaifuta. Yule mtu alikwisha kuwalipa wakataji. Hasara ikawa yake, aibu ikawa yangu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, tujiulize: Mamlaka haya sheria imempa nani? Je, yaruhusu kukabidhiwa? Na barua ya kunikabidhi iko wapi?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Lakini mjumbe aliyejitungia ujumbe, ndugu zangu, hana kinga.