Mkonge-pori kwenye Kopo: Usiuue kwa Maji

Leo tuache kidogo habari za mahindi na maharage, tuzungumze juu ya mmea ambao wengi wetu huupita tu porini: mkonge-pori. Ninyi wa Olasiti mnaosema Kimaasai mnaijua aina yake kubwa kwa jina la oldupai. Ndiyo iliyolipa jina lile bonde maarufu la Oldupai kule Ngorongoro. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipofika pale mwaka 1911, jina lilichukuliwa vibaya likaandikwa Olduvai. Na siku hizi wataalamu wa mimea wanauweka mkonge-pori katika jamii moja na isale letu la mipakani.

Aina zake fupi, pamoja na ile ya majani yenye milia iliyotoka Afrika Magharibi, hupandwa kwenye makopo na kuwekwa vibarazani na maofisini. Kwa mkulima mwenye eneo dogo, anayechota maji kwa ndoo, hili ni zao zuri la nyongeza. Lakini mnunuzi akifika na mche wako nyumbani, ukaoza baada ya mwezi mmoja, harudi tena. Ndiyo maana nasema: mmea huu haufi kwa kiu, hufa kwa maji.

Kwa nini? Jani lake nene ni kama debe, linaweka akiba. Tena vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, jua likiwa limekwisha kuzama, kwa hiyo haupotezi maji mengi kama mchicha. Ukiumwagilia kila siku, mizizi inakosa hewa, inaoza.

Basi fanyeni hivi. Chukua kopo, toboa matundu manne au matano chini. Changanya udongo wa juu sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja na mboji iliyooza vizuri sehemu moja. Kopo lisiwe kubwa mno, maana udongo mwingi hukaa na maji mengi. Weka penye kivuli chepesi.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti mpaka chini. Kikitoka na udongo mbichi, acha. Kiangazi, mara moja kwa wiki mbili inatosha. Masika, sogeza makopo chini ya upenu. Baridi ya Juni na Julai, mara moja kwa mwezi. Usimwage maji katikati ya majani. Yakituama pale, kiini huoza. Jani likikunjamana, mmea una kiu nao utapona. Jani likilainika chini na kunuka, maji yamezidi: ng'oa, kata palipooza, acha pakauke, upande upya.

Je, miche tutaipata wapi? Tafadhali, tusiende kuing'oa porini mpaka iishe. Nunua mmoja, uzidishe mwenyewe. Njia ya kwanza ni kugawa shina: machipukizi yakitokea kando, kata kila moja na mizizi yake. Njia ya pili ni jani: kata vipande vya urefu wa kidole, viache kivulini siku mbili au tatu kidonda kikauke, kisha chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Angalieni sana, upande uliokuwa chini ndio uingie chini, ukigeuza, hakioti. Uwe na subira, maana chipukizi huchukua miezi.

Hapa wauzaji wengi hupata aibu. Ile aina yenye ukingo wa manjano, ukiipanda kwa jani, watoto hutoka wa kijani kitupu, bila ukingo. Kama umemwahidi mteja ukingo wa manjano, igawe kwa shina tu.

La mwisho: majani yake yakitafunwa huleta kutapika na kuharisha. Makopo yasikae mahali ambapo mtoto mdogo au mwana-mbuzi anaweza kuyafikia, na umwambie hivyo kila anayenunua.

Ndugu mkulima, anza na makopo matano, siyo hamsini. Yakikaa mwaka mzima bila kuoza, ongeza.