MLINDA MLANGO HULELEWA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa umoja wetu, Hamugembe, Bukoba)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya michezo na malezi. Kwa kuwa nilikuwa mlinda mlango wa timu ya shule kwa miaka minne, nimeona nimzungumzie mchezaji yule ambaye akifanya vema hasifiwi sana, lakini akifungwa hasahauliwi. Mfano wangu ni Juma Kaseja, na hasa miaka yake ya mwanzo.

Kaseja alizaliwa Kigoma mwaka 1985. Alisoma Shule ya Sekondari Makongo, Dar es Salaam, ambayo chini ya mkuu wake wa wakati ule, Kanali Idd Kipingu, ilisifika nchi nzima kwa kulea wanamichezo. Akapitia timu ya Moro United, kisha akaingia Simba. Mwaka 2003 Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, bingwa wa Afrika wa mwaka 2002. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, na mshindi akatafutwa kwa mikwaju ya penalti. Langoni alisimama kijana wa miaka 18, ugenini, mbele ya mashabiki wa wenyeji. Kaseja akapangua, Simba ikasonga mbele, na bingwa akavuliwa taji.

Vijana, hebu tulipime jambo lile. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpira wa penalti huwekwa mita 11 kutoka mstari wa goli, na ukipigwa kwa nguvu hufika kwa muda wa kama nusu sekunde. Mlinda mlango akingoja auone mpira ndipo aruke, amechelewa. Inambidi amsome mpigaji: namna anavyokimbia, nyonga inakoelekea, mguu wa kusimamia umekanyaga wapi. Elimu hiyo haiji kwa bahati. Huja kwa kurudia zoezi lilelile jioni baada ya jioni, na kwa mwalimu anayemtazama yeye, siyo wale kumi peke yao. Ndiyo sababu nasema kwamba kazi ya Cairo ilianza zamani, katika viwanja vya mazoezi ambavyo hakuna aliyevipiga picha.

Sasa tujiulize, sisi tunafanyaje? Tangu tulipokuwa tukicheza na mipira ya majani makavu ya migomba hapa Hamugembe, desturi yetu ni moja: asiyejua kucheza mpeni lango. Lango tumelifanya adhabu. Mwenzangu mmoja wa darasa, ambaye sitamtaja jina, alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Alifungwa mabao mawili katika mchezo mmoja, akaimbiwa njia nzima mpaka bwenini, na kesho yake wakamwimbia tena kwenye foleni ya chakula. Hakurudi langoni tena. Ndivyo nafasi ile ilivyonifikia mimi, aliyekuwa wa pili wake. Kila nikisikia habari za Kaseja namkumbuka mtu huyo, nami huwaza kama angepata mwalimu hata mmoja wa kumwambia, "Njoo jioni tufanye zoezi," angefika wapi.

Wala msidhani kwamba baada ya Cairo mambo yalikuwa laini. Mwaka 2013 Simba haikumwongezea Kaseja mkataba, na wengi wakasema amekwisha. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Akaja huku kwetu, akadakia Kagera Sugar, na watu wa Bukoba wakamwona kwa macho yao pale Kaitaba. Tarehe 19 Mei, 2018, Simba, ambayo ilikuwa bingwa tayari na haijapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule, ilifungwa 1-0 na Kagera Sugar jijini Dar es Salaam mbele ya Rais Magufuli. Mwishoni mwa mchezo Simba ilipata penalti. Emmanuel Okwi akapiga, Kaseja akaipangua. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 34, aliitwa tena Taifa Stars, na Burundi ikatolewa kwa penalti 3-0.

Mwenzake wa lango la Taifa, Aishi Manula, naye ana funzo lake. Mapema mwaka 2019 alifungwa mabao 5 na AS Vita kule Kinshasa, kisha mengine 5 na Al Ahly kule Misri. Angekuwa mwanafunzi wetu, tungemwimbia mpaka ahame shule. Walimrudisha langoni, Simba ikaifunga Al Ahly 1-0, ikaifunga AS Vita 2-1, ikaingia robo fainali ya Afrika.

Ndugu zangu, ninayo maombi matatu. Kwa walimu: mchagueni mlinda mlango kwanza, siyo mwisho, na mpeni muda wake wa mazoezi. Siku hizi anahitaji hata miguu, kwa maana tangu mwaka 1992 haruhusiwi kudaka pasi ya makusudi ya mguu wa mwenzake. Kwa wanachama: nimekuja na jozi mbili za glovu, nami naomba umoja wetu umtafute kocha wa walinda mlango, awe anakuja japo kila Jumamosi. Kwa ninyi vijana: timu ikifungwa, kumbukeni kwamba mpira ule uliwapita wenzenu kumi kabla ya kumfikia yeye. Mpokeeni, mle naye chakula, na kesho yake mmpigie mipira mazoezini.