Mfungwa asiyehukumiwa: tusimwache pekee yake



Leo tunazungumza juu ya mtu anayefungwa na bado hajahukumiwa. Katika magereza yetu ya Kongo watu wa namna hiyo ni wengi kuliko waliohukumiwa.

Tuchukue mfano. Kijana mkimbizi anagombana na jirani kwenye bomba la maji, anamtukana mbele ya watu. Polisi wanamkamata. Anaulizwa karte, hana, iliungua pamoja na nyumba. Mama yake hajui mlango wa parke, hana feza ya avoka. Miezi 5 inapita. Lakini kwa tusi la mbele ya watu, sheria haitoi kifungo cha kupita miezi 2! Je, siku atakapotoka, atatoka na nini moyoni? Wanaotafuta vijana wa kuwapa bunduki wanajua jibu.

Sheria inasema nini? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kila anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, na polisi wasimshike kupita saa 48. Kisha aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Jaji akikubali abaki ndani, ruhusa yake ni ya siku 15. Baadaye inaongezwa mwezi kwa mwezi. Kwa kosa dogo kama lile la kijana wetu, inaongezwa mara moja tu. Basi mama, hesabu siku. Ziandike.

Tena sikilizeni vizuri, nyinyi mliokimbia vita. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakifiki miezi 6, sheria inakubali mtu afungwe akingoja hukumu kama anaogopewa kukimbia, au kama hajulikani ni nani. Ndiyo maana asiye na karte wala nyumba anaumia kuliko wengine.

Hapo, shefu, kazi yako ni kubwa. Andika barua: ninamjua mtu huyu, jina lake ni hili, anakaa hapa, wazazi wake ni hawa. Weka sahihi na kashe. Barua hiyo inaweza kumrudisha nyumbani angoje hukumu akiwa kwa watoto wake. Usiombe kuku wala feza kwa barua hiyo.

Na avoka? Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inaagiza chama cha avoka kiwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Ulizeni ofisi hiyo kwenye tribinali. Mwende na jina la mfungwa, siku aliyokamatwa, mahali anaposhikwa, na namba ya dosye kama munayo. Mwombe pia hati ya kuonyesha kwamba hamna uwezo.

Wengine watasema: munatetea wezi na wauaji. Hapana. Dosye ikilala, mwenye kuibiwa naye hapati haki yake. Aliyefiwa anangoja, aliyefungwa anangoja, na chuki inakomaa pande mbili. Avoka hafuti kosa. Anaomba kesi isikilizwe.

Tukumbuke Makala, kule Kinshasa. Gereza lile lilijengwa kwa watu 1,500, nalo likajaa mara nyingi kupita hesabu hiyo. Wengi wao hawajahukumiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa walijaribu kutoroka. Serikali ilitangaza wafu 129, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa.

Neno la mwisho ni juu ya kurudi. Anayengoja ndani asikae bure: anayejua kusoma amfundishe mwenzake, anayejua kushona vilevile. Familia, mutembeleeni, hata kwa kipande cha sabuni. Na akirudi, shefu, mpokee mbele ya watu, umkalishe na yule waliyegombana. Msimwite mwizi kama tribinali haikumwita hivyo.

Jioni hii, ulizeni katika kila nyumba: ni nani wa kwetu aliyeko ndani, na tangu siku gani? Amani iwe kwenu.