Maji Moto Badala ya Mvuke kwa Kunyausha Majani Chai

Maandishi ya mazungumzo kwa wakulima wa majani chai



Majani yakishapimwa kwenye kituo, mkulima huenda zake nyumbani. Kuni za kiwandani hazioni, ila anazilipia, kwa kuwa gharama yake hutolewa kabla bonasi haijahesabiwa. Iwe ni Nyansiongo, Kebirigo, Kiamokama au Nyamache, kazi ni ile ile. Boila huchoma kuni, maji hugeuka mvuke, na mvuke hupita kwenye mabomba hadi kwenye rediata. Feni hupuliza hewa kupitia rediata hizo, na hewa ikipata joto huelekezwa kwenye majani. (Mtaani umeme huitwa stima. Hapa ni mvuke wenyewe unaozungumziwa.)

Joto hilo lina kazi mbili zisizofanana. Kikaushio kinahitaji hewa ya zaidi ya digrii 100 ili chai ibaki na unyevu wa takriban asilimia 3. Hapo mvuke uachwe ulivyo. Lakini mahali pa kunyaushia, majani mabichi hulala saa nyingi yakipulizwa hewa ya vuguvugu tu, na ikipita digrii 35 hivi yanaanza kuharibika. Kutumia mvuke wa digrii 150 kwa kazi hiyo ni kama kuwasha moto wa kupikia githeri ili mtu anawe mikono.

Tena mvuke una hasara zake. Kila rediata ina kifaa cha kuzuia mvuke na kuachilia maji yaliyotokana nao. Kifaa hicho kikikwama wazi, mvuke hupita bila kufanya kazi. Wingu jeupe linalotoka nyuma ya kiwanda usiku kucha mara nyingi ni kuni zinazopotea. Kwa hiyo kiwanda kinachotaka kuokoa kuni kianze hapo: kirekebishe vifaa hivyo, kifunike mabomba yaliyo uchi, na kirudishe maji ya moto kwenye boila badala ya kuyamwaga mtaroni. Ni kazi ya fundi na gharama yake si kubwa.

Baada ya hayo ndipo maji moto yafikiriwe kwa upande wa kunyausha. Maji ya digrii 80 au 85 huzungushwa na pampu ndani ya mabomba yaliyofungwa, na sehemu ya joto lake inaweza kutoka kwenye moshi wa boila ambao kwa sasa unapotea hewani.

Hata hivyo, kumwaga maji kwenye rediata za zamani na kungoja miujiza hakufai. Hewa inayoingia ikiwa na digrii 20, mvuke wa digrii 150 unaizidi kwa 130, lakini maji ya 85 yanaizidi kwa 65 tu. Rediata ile ile itatoa karibu nusu ya joto. Msimu wa mvua, majani yakifika yamelowa, nusu hiyo huenda isitoshe, na itabidi rediata ziongezwe. Mabomba yaliyojaa maji ni mazito kuliko ya mvuke, hivyo vishikizo vikaguliwe. Pampu nayo hula umeme, na umeme ukipotea lazima jenereta iwepo. Jambo jingine hapa milimani: karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye tangi lililo wazi huchemka kwa digrii 93 hivi, si 100. Fundi aliyezoea Mombasa akumbushwe.

Kuna na suala la mikaratusi. Mahitaji ya kuni yamewavuta wengi kuipanda hadi kwenye mabonde na kando ya chemchemi, na akina mama wanaochota maji huko ndio wa kwanza kuona kijito kikipungua.

Wenye hisa viwandani ni wakulima, na wakurugenzi huchaguliwa nao. Kwenye mkutano mkuu ujao, kabla fedha za mabomba mapya hazijapitishwa, waulizwe: kiwanda kilichoma kuni kiasi gani mwaka jana kwa kila kilo ya chai iliyotengenezwa, na ni rediata ngapi zinazovuja leo?