Mzazi Asiyesoma Naye Anaweza

Wazazi wenzangu wa Msambweni,

Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la chekechea. Lakini mtoto akishatoka darasani, saa zilizobaki ni zenu.

Wako wanaosema, “Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?” Wa chekechea akuimbie alichofundishwa. Wa shule ya msingi akusomee kwa sauti. Hata kama herufi huzijui, anapokwama utamsikia. Mwambie arudie.

Baba akirudi kutoka baharini, wahesabu pamoja samaki na pesa. Bibi asimulie ngano kwa Kidigo au Kiduruma. Sera ya elimu yenyewe inataka lugha ya eneo itumike kufundishia hadi Gredi ya 3.

Na ukimkuta ameshika daftari, usimtume dukani. Mwache amalize.