Zimekatwa. Zimefika?

Habari ya makato mapya mliisikia, na wengi wenu mliisoma wenyewe kwenye hati ya mshahara ya Februari 2025. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa Kenya, iliingia awamu ya tatu ya makato. Kiwango cha juu cha mshahara unaohesabiwa kilitoka shilingi 36,000 hadi 72,000. Aliyefikia hapo alikatwa 4,320 badala ya 2,160, na mwajiri akaongeza 4,320 nyingine kutoka mfukoni mwake. Watu walibishana kama ni nyingi au ni kidogo. Sisi leo hatubishani na kiasi. Tunauliza habari za safari ya hizo pesa, kutoka lango la kiwanda hadi kwenye akaunti ya aliyezitolea jasho. Zimekatwa, sawa. Zimefika?

Na tunauliza kwa niaba ya mtu ambaye hakuna aliyemtaja katika ubishi wote huo: mfanyakazi mgeni.

Ukanda wetu huu, ukitoka Ruiru ukapita Juja mpaka Thika, unamjua vizuri. Barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa Novemba 2012 ilijengwa na kampuni za Kichina, na tangu siku hizo Mchina mwenye kofia ya mjengo hageuziwi shingo na mtu. Yuko fundi Mhindi kwenye tanuri la chuma. Yuko Mtanzania gerejini, Mganda jikoni mwa watu, Mkongomani kwenye kinyozi, Mrundi anayepakia malori usiku. Yuko mkimbizi, ambaye Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imemfungulia mlango wa kufanya kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulimpa siku ya kwanza, kabla hata hajauliza choo kiko wapi. Kumwandikisha ndiko kulikotushinda.

Sheria haina kizunguzungu hapa. NSSF ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa huyu na 1.5 kwa yule, wala haubagui pasipoti. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 imo shingoni mwake. Upenyo kwenye NSSF upo, na ni mwembamba: mgeni ambaye makazi yake ya kawaida si Kenya, amekuja kwa kazi isiyozidi miaka mitatu kwa mpigo, na ana mfuko wa namna hiyo kwao unaomhusu. Wembamba huo haujawazuia waajiri wengine kupitisha trela.

Ukiuliza unajibiwa, huyu meneja ana mpango wake kwao. Kwao wapi? Karatasi ya huo mpango iko wapi? Mtu yuko Ruiru mwaka wa sita, watoto wamesoma hapa, bado anahesabiwa mpita njia! Tunaelewa kinachowauma. Enzi za NHIF mwenye mshahara mnono alikatwa 1,700, ikaisha hapo. SHIF haina dari. Anayepokea nusu milioni anakatwa 13,750 kila mwezi. Inauma, ndiyo. Lakini kampuni inayolipia kibali cha kazi mamia ya maelfu ya shilingi isije kutuambia kwamba imeshindwa na fungu la NSSF.

Huyo wa juu, hata hivyo, ana wakili. Tunayemhofia ni wa chini.

Chukua mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi. NSSF 1,200, SHIF 550, nyumba 300: anabeba 2,050. Mwajiri anaongeza 1,200 ya NSSF na 300 ya nyumba. Jumla 3,550 zinazopaswa kuwasilishwa kwa jina lake. Kwa jina lake! Sasa huyu ni Mrundi, ametoa pasipoti, ameambiwa namba yake ya uanachama itakuja. Mwezi wa kwanza anakatwa, namba haijaja. Mwezi wa nane anakatwa, namba haijaja. Zimekatwa. Zimefika? Atamuuliza nani? Akiuliza sana, anaulizwa kibali.

Hapo ndipo tunapofika kwa mawakala. Tumewasema hapa mara nyingi, na leo tunawasema tena. Wakala wa vibarua! Kiwanda kinasema, watu hawa si wetu, muulizeni wakala. Wakala anasema, mimi naleta watu tu, muulizeni mwenye kiwanda. Mfanyakazi yuko katikati, na makato yake yako katikati, na hayo ya katikati hayajawahi kumlipa mtu pensheni. Mkenya wa Kiandutu anateseka na mawakala. Mgeni anateseka mara mbili, maana Mkenya walau anamjua diwani wake.

Na hili la mtu kuitwa kibarua kwa miaka minne limetuchosha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, ajira yake inageuka kuwa ya mkataba. Mwezi mmoja, si miaka minne. Kumwachisha Ijumaa na kumrudisha Jumatatu hakumfanyi mtu kuwa mpya.

Mashine nayo haiulizi uraia. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka 2007 pia, inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake, na mtu akifa au akilemaa kabisa fidia ni mapato ya miezi 96. Kwa huyo wetu wa 20,000 hizo ni shilingi 1,920,000. Itadaiwaje, kama hakuna daftari linaloonyesha kwamba aliwahi kuingia lango lile?

Kuna jambo linalotukera zaidi. Redio hii imepokea simu za kina mama wa Makongeni na Kimbo wanaolilia mabinti zao walioko Saudia. Kule mfuko wa GOSI unamhesabu mgeni kwa ajali za kazini tu, na mfanyakazi wa nyumbani hata hilo hana. Tunalia, na tuna haki ya kulia. Kisha tunazima redio na kumwita yule dada wa Kiganda aje kupakua chakula. Yeye ameandikishwa wapi?

Serikali pia isijifiche. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki za hifadhi ya jamii kama za mwenyeji. Wakubwa wanakutana Arusha, wanapiga picha, wanarudi. Mtanzania anayerudi Moshi baada ya miaka kumi ya gereji Thika anataka kujua michango yake inamfuataje, si picha. Na mkaguzi wa leba akifika kiwandani, swali lake la kwanza kwa mgeni liwe la makato. Akitanguliza la kibali, watu wote wataruka ukuta na mwajiri atabaki akicheka. Kibali kinapohuishwa, uthibitisho wa NSSF na SHIF uombwe pamoja na ule wa kodi. Hili halihitaji sheria mpya wala kamati.

Nawe ndugu mgeni unayetusikiliza kwenye matatu ya Githurai au kwenye zamu ya usiku: dai namba yako. Isiwe ya wakala, iwe yako. Weka kila hati ya mshahara. Nenda ofisi ya NSSF Thika na pasipoti au kitambulisho chako, uliza michango yako mwezi kwa mwezi. Ukionewa, nenda ofisi ya leba, na usiende peke yako. Ndugu Mkenya, msindikize! Leo wanakula za Mrundi, na daftari wanalotumia ni lile lile lenye jina lako.

Mwajiri, fungu lako ni lako. Usilitoe kwenye mshahara wa mtu. Toeni majina yote, ya wenyeji na ya wageni, ya ofisini na ya langoni. Makato ya NSSF na SHIF ya kila mwezi yanatakiwa kabla tarehe 9 ya mwezi unaofuata haijapita. Tarehe hiyo ikiangukia Jumapili, lipeni Ijumaa.